Fundi Akujibu: Flash Player ya simu, mbona moyo haudundi?

SWALI: Kaka habari za kazi, nakuandikia toka Ujiji. Binti yangu yuko form two, mwalimu aliwapa tovuti moja ya zamani ya baiolojia ina mchoro wa moyo unaodunda, sasa tukiifungua kwenye simu tunaona kiboksi cha kijivu tu kinasema plagini haipo. Nikaenda kwa kijana mmoja wa simu sokoni Mwanga akanirushia faili la Flash Player, elfu mbili. Moyo haudundi mpaka leo, halafu nikiwasha data tu simu inaniambia betri inaliwa sana nibonyeze kuwasha huduma ya kuokoa betri. Nibonyeze?

JIBU: Usibonyeze dada yangu, na kama ulishabonyeza zima data sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa.

Huyo mdudu, yaani hiyo programu mbaya, anafahamika. Mwaka 2017 watafiti wa ESET, kampuni ya kutengeneza antivirusi, walieleza kuhusu moja ya hivi hivi, inakuja kwa jina la Flash Player, inakutisha kwamba betri inaisha, ukikubali inapewa ruhusa ya ufikivu, yaani inaweza kubonyeza vitu yenyewe kwenye simu yako na kushusha programu zingine bila wewe kujua. Ingia Mipangilio, fungua Ufikivu, zima huduma yoyote usiyoijua, halafu nenda kwenye Programu uifute. Ikigoma kufutika ujue imejipa usimamizi wa kifaa, inyang'anye huo kwanza kule kwenye Usalama. Ikigoma tena hamisha picha zako uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Namba ya siri ya hela usibadilishie kwenye hiyo simu, chomoa laini uiweke kwenye kitochi chochote cha jirani ndo ubadilishe.

Sasa kuhusu Flash yenyewe, ile plagini ya kampuni ya Adobe, yaani kijiprogramu kilichoongezwa kwenye brauza ili ichezeshe michoro na video. Huyo kijana hata angekuwa mwaminifu asingeweza kukusaidia, maana Flash ya kweli ya simu haipo tena. Ilikuja kweli, Juni 2010 Adobe walitoa Flash Player 10.1 kwa simu za Android 2.2, na sisi wa simu tulifurahi sana jamani, tukajua sasa kila tovuti ya kompyuta itafunguka mkononi. Kumbe inataka prosesa (ubongo wa simu) ya aina mpya zaidi inayoitwa ARMv7, kwa hiyo vile vi-Huawei IDEOS vya bei ya chini, vina Android 2.2 hiyo hiyo lakini prosesa ya zamani ya 528 MHz, vikaachwa nje. Na zile zilizoweza, video ikicheza kidogo tu mgongo wa simu unachemka na chaji inashuka unaiona, na Kigoma enzi hizo umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, ukikatika simu ndo imeisha hiyo.

iPhone hawakuikubali kabisa. Aprili 2010 Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple wenye iPhone, aliandika barua ya wazi akataja betri, usalama, na jambo moja ambalo mimi naliona ndo kubwa kuliko yote: vitu vingi vya Flash vilitengenezwa kwa mausi. Unakumbuka zile menyu zinazofunguka mshale ukipita tu juu yake? Kidole hakipiti juu, kidole kinagusa, kwa hiyo hata plagini ikiwepo menyu haifunguki na unabaki kugonga kioo.

Novemba 2011 Adobe wenyewe wakatangaza wanaacha ya simu, Agosti 2012 ikafungwa kwa simu mpya kule Google Play. Kwenye kompyuta nako ikaachwa tarehe 31 Desemba 2020. Kazi yake ilishachukuliwa na HTML5, lugha ya kutengenezea kurasa za tovuti, ambayo video inacheza ndani ya brauza yenyewe bila plagini, YouTube walishahamia huko 2015. Kwa hiyo leo ukurasa wowote ukikuambia weka Flash kwenye simu, funga.

Somo la binti bado linaweza kufufuka. Mwambie mwalimu amwombe mwenye tovuti aweke Ruffle, ni programu huria inachezesha faili za Flash ndani ya brauza, nyie mkifungua mnaona tu, hamsakinishi chochote. Michoro midogo ya zamani kama huo wa moyo inaipatia vizuri kuliko ile mikubwa ya miaka ya mwisho. Wakati mnasubiri, tafuteni video fupi ya mzunguko wa damu, zipo nyingi na hazili bando sana mkishusha ubora wa video hadi 240p.

Ukikwama kwenye kufuta niandikie tena, utaje aina ya simu na Android namba ngapi.