Sanamu za Keros: nani alizivunja?

SWALI: Sanamu za marumaru za kisiwa cha Keros, Ugiriki, hukutwa vipande vipande. Si wezi wa mambo ya kale waliozivunja?

JIBU: Wezi walipita kweli, kabla ya 1963. Ila uchimbaji wa 2006 hadi 2008, chini ya mwanaakiolojia Colin Renfrew, ulifikia sehemu wasiyoigusa, na humo pia sanamu karibu zote ni vipande. Angalia palipovunjika: marumaru iliyovunjwa jana humetameta kama sukari; ya kale imefifia na kushika ukoko wa chokaa. (Usiuoshe kwa brashi ngumu! Ushahidi utakwenda na maji.) Tena vipande haviungani: kiwiliwili kipo, kichwa hakionekani. Basi zilivunjwa kwingine, vipande vikaletwa kwa mashua, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.