Re: Mama ana vali ya bandia ya moyo, aende tu kung'oa jino?

Pole sana ndugu, na mpe mama pole pia. Kung'oa anaweza ila asiende hivihivi. Mzee wangu anayo vali ya chuma, kadi yake ya kuonyesha ana vali hiyo anatembea nayo mfuko wa shati, na kuna kliniki walishavuta sindano ya ganzi bila kumuuliza chochote, ndo nikaitoa kadi nikawaambia ngojeni kwanza.

Cha kwanza, anameza warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda? Kama ndiyo apime INR kabla (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda), na asiache dawa kienyeji maana damu inaweza kuganda kwenye vali, hiyo ni hatari kuliko jino. Halafu antibiotiki, mzee hupewa amoksilini gramu 2 kwa mpigo, dakika 30 hadi 60 kabla, ili bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wasije wakajenga kwenye vali. Kama ana aleji ya penisilini aseme mapema, zipo dawa nyingine. Mi si daktari, ya mama apange daktari wake wa moyo.

Wiki zinazofuata akishikwa na homa msimpe panadol mkalala, mrudisheni hospitali apimwe damu, maana huenda ni hao bakteria wamefika kwenye vali.