Amezaliwa Makete kwenye baridi, ana bipola: tukapige MRI?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 24, kazaliwa Makete mwezi wa saba, mwaka jana hospitali walisema ana bipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Nimesoma kwamba waliozaliwa msimu wa baridi wanakuwa na madoa kwenye ubongo. Hapa Mafinga kuna jamaa kampima kwa mashine, kasema ubongo "umepigwa baridi", kamuuzia vidonge lishe na kumwambia aache dawa za hospitali. Tukapige MRI, ile picha ya ubongo?

JIBU: Marahaba. MRI acheni, hiyo hela kaeni nayo. Ulichosoma hujakitunga, tafiti zipo, lakini ni za nchi za kaskazini, Ulaya na Marekani huko. Pale ambapo ungetegemea wagonjwa 100 wa bipola waliozaliwa miezi ya baridi na baada yake kidogo, wanakuta kama 105 mpaka 108, ndo tofauti yenyewe hiyo. Wanahisi ni mafua ya mama akiwa mjamzito au uhaba wa jua, maana kwao mchana wa baridi ni mfupi sana. Makete inaganda kweli, mpaka viazi vinaungua na barafu, ila mchana wa mwezi wa sita na wa kumi na mbili unapishana saa moja hivi basi, kwa hiyo usichukue ya kwao ukaibandika kwa mdogo wako.

Madoa nayo, yanaonekana kwa baadhi ya wenye bipola, na kwa wazee, wenye presha, wenye kipandauso, wavuta sigara. Hakuna picha inayosema huyu ana bipola huyu hana. Tunaijua kwa kukaa na mtu na ndugu zake tukauliza. Na ungeniuliza cha maana zaidi, nani mwingine kwenye ukoo anaumwa hivi, kwa sababu damu ina uzito kuliko mwezi wa kuzaliwa.

Sasa huyo wa mashine. Kila wiki naletewa mgonjwa alieshikishwa kachuma mkononi, kompyuta ikatema makaratasi kumi ya figo, ini, ubongo, na mwisho wa makaratasi pana bidhaa ya kununua! Mashine ile haioni ubongo wa mtu yeyote, na hela iliyopotea ndo hasara ndogo. Kubwa ni "acha dawa". Mtu akikatisha ghafla lithiamu, moja ya dawa za bipola, hisia zinaweza kumpanda ndani ya wiki chache, na kupanda huko kunakuja na kuuza shamba, kupigana, wengine baadae wanashuka mpaka kutaka kujiua.

Mrudisheni kliniki wiki hii na vidonge vilivyobaki, msimwanzishie dozi wenyewe. Anaelala nae ahesabu usingizi, akilala masaa matatu halafu anaamka na nguvu za kulima heka nzima, msisubiri siku ya kliniki.