Kwenda Kinyumenyume

Swali: Je, «kinyumenyume» ni sawa na «kurudi nyuma», na asili ya neno hilo ni ipi?

Jibu: Si sawa kabisa, kwa kuwa anayerudi nyuma aweza kugeuka na kuelekea alikotoka, ilhali aendaye kinyumenyume huweka uso palepale, kama mtu anayemwepuka nyoka bila kumpa kisogo. Shina ni «nyuma», neno la Kibantu ambalo Kinyarwanda hulitamka «inyuma». Lilipata kiambishi ki- cha namna, irabu ya mwisho ikabadilika, likawa «kinyume», kisha sehemu yake ikarudufiwa kuonyesha mwendo wa hatua kwa hatua. «Kinyume» lenyewe limeelemea zaidi maana ya upinzani, ingawa pia ni jina la mchezo wa kupindua silabi, ambamo «maji» huwa «jima».