Punda wa mkokoteni asiye na pa kuchungia: angalia usiku anakula nini

Mkuu, umesema una punda wawili wa mkokoteni wa maji hapo Ipuli, Tabora mjini, huna eneo la kuchungia, unawapa pumba za mahindi kila asubuhi na bado mbavu zinahesabika. Unauliza uongeze pumba gani. Mimi niko Nzega, na wangu kiangazi kizima wanakula nyumbani. Jibu langu: kwa sasa usiongeze pumba yoyote. Shida iko usiku.

Punda hacheui kama ng'ombe. Tumbo lake ni dogo, chakula kinapita upesi, na kazi ya kuvunjavunja majani magumu inafanywa na vijidudu huko nyuma kwenye utumbo mpana. Ndiyo maana ameumbwa kula kidogo kidogo, mchana na sehemu kubwa ya usiku. Sasa wa kwako alfajiri yuko kisimani, mchana wote yuko kwenye mkokoteni, jioni anafungiwa bomani kwa kuogopa wezi na fisi, na mbele yake hakuna hata jani. Hapo hata ummwagie debe zima la pumba, hanenepi.

Kwa hiyo anza na majani makavu, yawepo mbele yake kuanzia anapofunguliwa mkokoteni mpaka alfajiri. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150. Anayeshinda bila kazi anatosheka na kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku. Wa kazi nzito mfikishe karibu 4. Hesabu hiyo ni ya anachokula, siyo unachoweka. Kwenye mabua ya mahindi atachagua majani na maganda, vile vigogo vinene ataviacha, na asikutie hasira, weka zaidi. Mimi napima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia pamba. Ukishazoea, mkono wenyewe unajua.

Kwa mkoa wetu hakuna kinachoshinda majani ya karanga. Yana protini na kalsiamu ambayo mabua hayana, na watu wengi wanayaacha yaoze shambani! Wakati wa kung'oa, wahi. Yaanike siku mbili tatu ukiyageuza, kisha yamalizie kivulini, maana ukiyaacha juani yakauke kupita kiasi, majani yote yanapukutika na unabaki na vijiti. Yakiwa tayari, ukiyakunja yanavunjika kidogo lakini rangi ya kijani bado ipo, na harufu yake ni tamu. Yapandishe kwenye uchanja wenye paa, usiyalaze chini hata usiku mmoja, mchwa wa huku unawajua. Changanya sehemu moja ya karanga na sehemu mbili tatu za mabua au majani ya mpunga. Majani ya mpunga peke yake ni ya kujazia tumbo tu. Marando ya viazi yanafaa, yanyaushe kwanza. Mtama mchanga au uliochipua upya baada ya kukatwa usimpe, una sumu.

Pumba ije baada ya hapo: nusu kisado asubuhi, nusu jioni, imelowanishwa na chumvi kidogo. Ukizidisha miezi kwa miezi, fosforasi inakuwa nyingi kuliko kalsiamu na mifupa inadhoofika. Mashudu ya alizeti konzi mbili tatu yanasaidia. Badiliko lolote la chakula lifanye polepole, kwa wiki moja au zaidi, la sivyo utamkuta anagaragara kwa maumivu ya tumbo.

Kuna vitu vitatu ambavyo kwangu havina mjadala. Mahindi au pumba zenye ukungu tupa: kuna kuvu wa mahindi ambaye sumu yake inaharibu ubongo wa punda na farasi, anaanza kuyumba na kusukuma kichwa ukutani, halafu anakufa. Chakula cha kuku usimpe hata cha bure, kwa sababu baadhi yake kina dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), na dawa hiyo inaua moyo wa wanyama hawa. Na usimwachie azurure jalalani. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini vifungashio bado vimejaa, na plastiki ikiziba utumbo ndiyo basi.

Maji sasa. Inachekesha kidogo: mnyama anabeba madumu kutwa nzima, mwenyewe hanywi. Anayekula vikavu na kufanya kazi juani anahitaji kama ndoo ya lita 20 kwa siku, pengine zaidi. Mpe kila mnapofika kisimani, kabla ya kupakia.

Kujua kama ananenepa, usiangalie tumbo. Mabua yanamjaza tumbo huku mgongo umekonda. Manyoya nayo yanaficha, kwa hiyo tumia kiganja: pitisha ubavuni bila kukandamiza, kisha kwenye uti wa mgongo na nyonga. Mbavu ziguswe kwa urahisi lakini zisichome. Usitarajie tofauti kabla ya mwezi kuisha. Ukiona anadondosha madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, au kinyesi kina nyuzi ndefu, ni meno, na chakula hakitatibu meno.

Kama anakula vizuri na bado anakonda, mwite daktari wa mifugo, aangalie minyoo na apime damu, hasa kama mnapeleka mizigo upande wa Sikonge au Urambo kwenye mbung'o, wanaoeneza vimelea vya damu. Akigoma kula kabisa usisubiri kesho, zaidi akiwa jike mwenye mimba. Punda akikaa na njaa ghafla, mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu na kuharibu ini, na hapo kumrudisha ni kazi.

Kama huna shamba, zungumza na wakulima wa karanga kabla hawajang'oa, uwalipe kwa kuwabebea mavuno kwa mkokoteni wako. Mabua nayo yafuate mara tu mahindi yakishavunwa, kabla ng'ombe hawajaingizwa shambani. Ukingoja Septemba utapata vumbi.