Masomo ya bure, lakini mtoto hajui kusoma: mfuko gani unalipa nini

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi nchini Kongo (DRC), ameuliza maswali mawili kwa mara moja: kwa nini direkta (mkuu wa shule) anaomba pesa tena wakati shule ya msingi ni bure tangu Septemba 2019, na kwa nini mtoto wake wa darasa la tatu hawezi kusoma sentensi nzima. Mama, kabla ya kumgombeza direkta, jua kwanza mfuko gani unalipa kitu gani.

Mshahara wa mwalimu hautoki Lubumbashi. Unatoka katika bajeti ya serikali kuu, Kinshasa, na orodha ya malipo inashikwa na DINACOPE, ofisi ya serikali inayoshughulikia malipo ya walimu, ile ambayo wengi bado wanaiita SECOPE. Shule za konvansyone, yaani zinazosimamiwa na dini kwa mkataba na serikali, kama za Wakatoliki na Waprotestanti, ni za umma vilevile, na walimu wake wanapitia orodha hiyohiyo. Ili mwalimu alipwe, shule iwe na arete (amri ya serikali) ya kufunguliwa, darasa lenyewe liwe limeingizwa kwenye orodha (watu wa shule wanasema "limemekanizwa"), na mwalimu awe na namba ya matrikile, yaani namba yake ya utumishi. Ikikosekana hatua moja, anafundisha bure. Hao ndio NU, wapya wanaosubiri kuingizwa, na NP, wasiolipwa.

Shida inaanzia hapo. Tuseme shule ina madarasa 6 kwenye orodha. Minervali (ada ya shule) inafutwa, watoto wanajaa, direkta anafungua madarasa 10. Walimu wanne hawana mshahara, na primi ya wazazi, pesa walizokuwa wanawalipa walimu, iliyowabeba walimu tangu migomo ya miaka ya 1990, imekatazwa. Basi direkta ana njia tatu: aombe pesa kwa mlango wa nyuma, awapoteze hao walimu, au aunganishe madarasa. Kuna kosa jingine lisiloonekana haraka: mwalimu amehamishwa au amefariki, jina lake limebaki kwenye orodha, na anayeshika chaki leo hapati kitu.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa komite ya wazazi usiulize "pesa ziko wapi?" Utajibiwa kwa hotuba. Uliza: madarasa mangapi yanafundisha, mangapi yako kwenye orodha, majina gani ya orodha hayaonekani darasani, na pesa za uendeshaji zilizoingia muhula huu zimenunua nini. Jibu liandikwe kwenye ripoti ya mkutano, na nakala ipelekwe sous-PROVED, ofisi ya elimu iliyo chini ya ile ya jimbo. Na ukitoa mchango wowote, dai risiti yenye muhuri. Asiyetaka kuandika risiti, usimpe.

Sasa kusoma. Kipimo rasmi ni wanafunzi 55 kwa darasa. Darasa likiwa na 90 na somo la kusoma ni dakika 30, hata mwalimu akiacha kila kitu amsikilize mtoto mmoja mmoja, kila mmoja anapata sekunde 20. Kinachofanyika kweli ni kuimba kwa pamoja, na mtoto anashika ukurasa kwa kichwa. Ndiyo maana wazazi wengi wanashtuka darasa la tatu: daftari ni safi, ukurasa wa kwanza anausoma vizuri, kumbe hasomi.

Mpime nyumbani. Funika picha kwa mkono, mwanzishe kwenye mstari wa mwisho, umpandishe juu. Akikwama, shuka ngazi: maneno mafupi, kisha silabi (ba, ma, ka, zikiwa zimevurugwa), kisha herufi peke yake. Anzia pale anapokwama, hata kama ni herufi. Dakika 15 kila jioni, na kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu silabi zake zinasomeka jinsi zilivyoandikwa. Kifaransa kina herufi zisizotamkwa. Usimkaripie akisoma "batoto" palipoandikwa "watoto". Amesoma maana sawa. Mwonyeshe herufi tu.

Madini, ambayo kila mtu hapa anayataja. Kodeksi (sheria) ya madini ya 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: katika kila dola 100, serikali kuu 50, jimbo 25, ETD, yaani serikali ya mtaa (komini, sekta au sheferi), ambako mgodi unachimba 15, mfuko wa vizazi vijavyo 10. Juu yake, kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Pesa hizi zinaweza kujenga darasa na kununua madawati. Haziwezi kumwingiza mwalimu wako kwenye orodha ya Kinshasa, na hapo ndipo siasa zinapotudanganya: jengo jipya linazinduliwa kwa ngoma, ndani hakuna mwalimu anayelipwa.

Komini isiyo na mgodi haina haki ya ile 15. Barua yenu iende jimboni. Iandikwe kwa hesabu: darasa la wanafunzi 55 linahitaji madawati 28 ya watu wawili, yaliyopo ni (andika idadi), yanayokosekana ni (andika idadi). Barua inayosema "shule yetu inateseka" inabaki kwenye kabati.