Kukataliwa Inua Jamii ya walemavu: rufaa ipo na ni bure

Dada, umesema kijana wako mwenye ulemavu amekataliwa Inua Jamii, ile pesa ya kila mwezi ya serikali ya Kenya kwa wasiojiweza. Unaweza kumkatia rufaa na hulipi kitu, usiishie kwa chifu, enda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu uombe sababu za kukataliwa kwa maandishi, Katiba kifungu cha 47 inakupa hiyo haki. Nimesaidia majirani hapa Kayole kuandika barua za rufaa na mara nyingi shida huwa ripoti ya daktari, inasema tu miguu imelemaa basi, na hii pesa ni ya mwenye ulemavu mkali anayehitaji mtu wa kumwangalia saa zote. Kadi ya ulemavu peke yake haitoshi. Barua iseme nani anamlisha, nani anamgeuza usiku, na kwamba huwezi kutoka kutafuta vibarua vya kufua juu hakuna wa kumwachia. Beba nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Wakinyamaza, lalamika kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya maafisa wa serikali, pia ni bure. Ila ni shilingi 2,000 kwa mwezi na hata ukikubaliwa unaweza kungoja nafasi, kwa hivyo usikope ukiitegemea.